Kutembea Bila ya Kwenda kwa Mtu

Katika Kiswahili chetu cha pwani, kutembea ni kwenda kwa mtu. Mama akisema kwamba leo anakwenda kutembea, mwenye kumsikia humwuliza kwa nani, wala hamwulizi kwa njia ipi. Ataoga, atajifukiza udi, atavaa buibui lake, atachukua kisahani cha kaimati kilichofunikwa kitambaa, kisha ataketi kwa shoga yake mpaka adhana ya Magharibi imkumbushe nyumbani. Mgonjwa hutembelewa, mzazi hutembelewa, bibi harusi hutembelewa. Ama mwenye kutoka nje, akapita njia, akarudi kwake bila ya kubisha hodi kwa mtu yeyote, huyo hatukuwa na jina lake la sawasawa. Tulisema anazurura, na hilo si jina jema. Au tulisema anapunga upepo, na kupunga upepo kwenyewe aghalabu ni kukaa kuliko kwenda.

Twalitaja hili kwa sababu lina madhara yake. Bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu, mwenye ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, aliulizwa na daktari kama anatembea. Akajibu kwa moyo safi kwamba hutembea kila siku, Alhamdulillahi, na wala hajakosa hata siku za mvua. Daktari, ambaye si mtu wa huku, akaandika katika kadi kwamba mgonjwa anafanya mazoezi. Kumbe bi mkubwa alikuwa akivuka vichochoro viwili hadi kwa dada yake, akiketi huko kutoka saa kumi hadi saa kumi na mbili kwa chai ya maziwa na mahamri. Kila mmoja alisema kweli, na sukari ikaendelea kupanda.

Kwa hivyo leo twataka kuzungumzia matembezi ya namna ya pili: kuizunguka bustani ya mtaa kwa mwendo wa aste aste, na kusimama hapa na pale kwenye vile vyuma vya mazoezi ambavyo vimewekwa humo, na ambavyo wengi wetu twavipita kama kwamba ni mali ya watoto.

Bustani tunayoikusudia ni ndogo. Duru yake moja ni hatua mia sita na kidogo, tulizozihesabu wenyewe, na mtu wa mwendo wa wastani huimaliza kwa dakika tano au sita. Ina miarobaini, mikungu miwili inayoangusha majani makubwa mekundu, viti vya saruji, na vyuma vinane vilivyopakwa rangi ya buluu na manjano. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa kuna mashauri yanayoendelea baina ya wazee wa mtaa na ofisi inayohusika, na haifai kalamu yetu kuwatangulia wazee mlangoni.

Wanaokaa upande wa Kizingo, bila shaka, wana Mama Ngina, na hatuna haja ya kuwasifia. Ile njia iliyokuwa ikiitwa Azania katika zama za wakoloni, ambayo wengi wetu mpaka leo twaiita Lighthouse, ilitengenezwa upya mwaka 2019, na sherehe za Mashujaa za Oktoba 20 mwaka huo zikafanywa hapo. Ina mibuyu mikongwe, ina upepo wa bahari, ina meli zinazoingia Kilindini zikipita karibu mtu adhani atazigusa. Ina pia mihogo ya kukaanga, madafu na mabuyu, hata mtu akapunguza kwa miguu na kuongeza kwa mdomo. Lakini kwa mtu wa Kisauni au wa Mikindani, Mama Ngina ni nauli, na mazoezi yenye nauli hayadumu. Hufanywa Jumapili moja, yakapigwa picha, yakaisha. Bustani ya mtaa, hata ikiwa ndogo na chafu kidogo, ina fadhila moja inayozishinda zote: iko karibu na mlango.

Wako wanaodhani kwamba mambo haya ya mazoezi ni ya kuletwa, na kwamba mtu mzima mwenye kanzu hana haki ya kushika chuma cha buluu hadharani. Hawa twawaelekeza kwenye lugha. Neno riadha, ambalo redio zetu hulitumia kwa wakimbiaji tu, ni la Kiarabu, na maana yake ni kuuzoeza mwili au nafsi mpaka ikatii, kama anavyozoezwa farasi. Shina lake ni herufi tatu, re, wau na dhadi, na katika shina hilo hilo hutoka neno raudha, yaani bustani, na wingi wake riyadh. Basi bustani na mazoezi ni ndugu wa baba mmoja katika kamusi, kabla ya yeyote kuweka chuma chini ya mwarobaini. Naye tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipoandika katika Qanun namna ya kuilinda afya, aliyaweka mazoezi mbele, kisha chakula, kisha usingizi. Tena hakuwasahau wanyonge: miongoni mwa mazoezi mepesi alitaja kubembea, na kupanda chombo majini. Msomaji wa pwani atafurahi kujua kwamba kukaa katika mashua inayoyumba kulihesabiwa na mabingwa kuwa ni mazoezi, ingawa hatumshauri mtu kukihesabu kivuko cha Likoni.

Ama vyuma vyenyewe vina safari yao. Mjerumani Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi wa wazi mahali paitwapo Hasenheide, Berlin, mwaka 1811, wenye milingoti ya kupanda na mihimili ya kuning'inia. Mwaka 1968 mjini Zürich, Uswisi, ikafunguliwa njia ya msituni yenye vituo, mtu akitembea kidogo, akisimama, akifanya zoezi moja, akiendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 China ikaanza kuvitandaza vyuma hivi katika mitaa yake kwa ajili ya watu wa kila rika, na wazee wa huko wakavipokea kwa wingi. Vingi tunavyoviona leo ni vya mtindo huo. Vijana wetu waliokwenda kufanya kazi Ghuba waliviona huko kando ya bahari na katika bustani. Qatar imeiweka Jumanne ya pili ya mwezi wa Februari kuwa siku ya michezo kwa taifa zima, tangu mwaka 2012, na ni siku ya mapumziko ya kazi. Kijana mmoja aliyerejea kutoka Doha ndiye aliyetuonyesha namna ya kuvitumia vyuma vyetu, maana vilikuwa vimekaa miezi kadhaa watu wakivianikia mazulia.

Tuvieleze kwa uchache. Kiko kile chenye mbao mbili za miguu zinazoning'inia kama bembea, mtu akashika juu na kupeleka miguu mbele na nyuma kana kwamba anatembea hewani. Hicho ni rafiki wa magoti mabovu, kwa sababu mguu haupigi chini. Yako magurudumu mawili makubwa ya kuzungusha kwa mikono, yanayolegeza mabega. Wenye bega lililoganda, kama wengi wenye sukari wanavyopatikana nalo, huyapenda, mradi wasilazimishe. Kiko kiti cha kusukuma kwa miguu, ambacho humwinua aliyekikalia, kwa hivyo uzito anaousukuma ni wake mwenyewe, wala hakuna mawe ya kuongeza wala kupunguza. Iko baiskeli isiyokwenda popote. Iko sahani ya kusimamia ambayo huzunguka kiuno kikazunguka nayo. Hiyo watoto huishindania, na hiyo ndiyo tunayowaonya wenye maumivu ya mgongo waiache. Na viko vyuma virefu vya kuning'inia, ambavyo ni milki ya vijana kwa makubaliano ya kimya.

Adabu zake si nyingi. Mtu ashike kwanza ndipo apande, na chombo kisimame kabisa ndipo ashuke. Wengi huumia katika kushuka. Asizuie pumzi anaposukuma, hasa mwenye presha, kwa sababu pumzi ikizuiwa presha hupanda kwa ghafla. Watoto wasisimame mbele ya ile bembea ya miguu, kwa kuwa inaporudi hurudi kwa nguvu, na vyombo hivi vimepimwa kwa kimo cha mtu mzima. Na anayengojea zamu asimkazie macho aliye juu ya chombo. Hili la mwisho halikuandikwa kwenye kibao chochote, lakini ndilo linalowafukuza watu wengi zaidi.

Kutembea kwenyewe ndiyo asili, na vyuma ni viungo vya mchuzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limesema mtu mzima ahitaji dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, pamoja na kuitia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Dakika 150 zikigawanywa kwa siku tano ni nusu saa, yaani duru tano au sita za bustani yetu. Wastani wake hupimwa bila ya saa wala chombo: mtu aweze kuzungumza na mwenzake, lakini asiweze kuimba. Mwenye kuweza kuimba kasida nzima huku anatembea, basi anatembea kwa madaha, na aongeze mwendo kidogo. Twasema kidogo. Mwenye kuanza baada ya miaka ya kukaa aanze kwa madaha hayo hayo wala asione haya, kwa maana duru mbili za kila siku ni bora kuliko duru kumi za siku moja, kisha akalala wiki akijipaka dawa.

Na kwa wenye sukari, wakati una maana. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu, kwa hivyo matembezi ya dakika kumi au kumi na tano baada ya chakula hufaa sana, hasa baada ya kile chakula chetu cha usiku cha wali wa nazi, au baada ya pilau ya Ijumaa, ambayo desturi yetu ni kuifuatisha usingizi. Mwenye kujidunga insulini, au kumeza vidonge vya kushusha sukari, amwulize daktari wake kwanza, na asitoke bila ya tende mbili tatu mfukoni au katika mkoba, maana sukari hushuka pia. Viatu viwe vya kufunika vidole. Ndara zimeleta misiba mingi: kidonda kidogo cha kidole kisichosikika, mwenyewe akaja kukigundua wiki ya pili. Arudipo nyumbani atazame nyayo zake, au amwambie mjukuu amtazamie.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwetu mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya kupanda, na wengi wao hawakuwa wakijua. Hatuna haja ya kuongeza hesabu nyingine. Kila msomaji ahesabu nyumba yake, kisha nyumba ya jirani yake wa kulia.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike, nalo halikuhusu sukari.

Yule bi mkubwa, daktari alipokwisha kumfahamu na yeye alipokwisha kumfahamu daktari, alianza kuja bustanini baada ya Alfajiri pamoja na kina mama wengine wanne. Wakazunguka siku tatu. Siku ya nne wakaacha. Tulipouliza sababu, alituambia, "Sheikh, sisi tukipanda kile chuma, wale vijana hawacheki, lakini wananyamaza. Na kunyamaza kwao kunatuvua nguo." Vijana wenyewe, takriban kumi, huwa hapo asubuhi hiyo hiyo kwa ajili ya vyuma vya kuning'inia, kabla ya kwenda bandarini na kwenye bodaboda zao. Baadhi ya kina mama wakaomba vijana wazuiliwe. Baadhi ya wazee, kwa upande wa pili, wakasema mwanamke wa heshima hana kazi bustanini, akitaka kutembea atembee ukumbini mwake. Tukaletewa sisi tuseme.

Hili la ukumbini ndilo tulilolianza, kwa kuwa lilisemwa kwa jina la dini. Imepokewa, na wanavyuoni wameipokea, kwamba Bibi Aisha (RA) alishindana mbio na Mtume (SAW) akamshinda. Kisha baada ya muda, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena akashindwa, naye Mtume akamtania kwamba hii ni kwa ile. Na imetajwa katika mapokezi hayo kwamba watu waliamrishwa watangulie mbele kwanza. Wenye kulitumia tukio hili kuhalalisha kila kitu husahau kwamba watu walitangulizwa. Na wenye kumwambia mama mwenye sukari azunguke ukumbi wa futi kumi na mbili husahau kwamba mbio zilikimbiwa, tena nje. Fauka ya hayo, ukumbi wa nyumba zetu za siku hizi una makochi saba na meza ya kioo. Huyo mama azunguke wapi?

Lililobaki lilikuwa ni la sitara, si la kuhalalisha wala kuharamisha, na sitara hutafutwa kwa mpango.

Kuhusu vijana tulikuwa na rai kali kidogo, na hatukuificha. Miongoni mwa wale kumi, wawili tunawajua tangu madrasa, na tunajua walipopitia baadaye. Unga umezila nyumba nyingi katika pwani hii, na mmoja wao alikuwa amekwisha hesabiwa na jamaa zake miongoni mwa walioliwa. Leo ana mwaka mmoja na miezi. Alituambia kwamba saa ngumu kwake ni ile ya baada ya Alfajiri, wenzake wa zamani wanapopita, na kwamba akiwa na chuma mkononi huwa hawamwiti. Kumwondoa kijana huyu kwenye chuma ni kumrudisha ukutani alikokuwa ameegemea. Tukawaambia kina mama hivyo hivyo, bila ya kulitaja jina lake, na bi mkubwa yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Basi msiwatoe. Ni wanangu hao."

Tukakaa na vijana kwenye viti vya saruji, chai ikaletwa. Tuliwakumbusha haki za njia, ambazo Mtume (SAW) aliwawekea watu waliosema hawana budi kukaa barazani: kuinamisha macho, kutoleta maudhi, kurudisha salamu, kuamrishana mema na kukatazana mabaya. Bustani ni baraza iliyopanuka, haki zake ni zile zile. Kijana mmoja akasema, "Ustadhi, sisi hatuwaangalii. Tunanyamaza kwa heshima." Nasi twaamini ilikuwa kweli. Ni aina ya heshima inayohitaji kufundishwa namna ya kuonekana.

Mpango uliotoka ni huu, na twautaja kwa kuwa mitaa mingine mitatu imetuuliza. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kutoka saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, bustani ni ya kina mama. Siku zilizobaki wakati huo ni za vijana. Jioni, baada ya Alasiri, ni ya wote, na familia huzunguka pamoja, baba, mama na watoto waliotoka madrasa, upande mmoja wa kuzunguka ili watu wasikutane uso kwa uso kila dakika. Hili la upande mmoja lilikuwa wazo la fundi cherehani mmoja, na limetuliza mambo kuliko hotuba zote. Vijana wawili huja siku za kina mama kabla ya saa kumi na mbili kuokota chupa na kuangalia kama kuna mtu aliyelala kwenye viti, kisha huondoka. Mmoja wa vijana hajaukubali mpango mpaka leo, na husema wazi kwamba Jumatatu yake imepotea. Ana haki ya kusema.

Kina mama sasa wamefika kumi na saba. Wengine hawagusi vyuma kabisa, huzunguka tu wakizungumza, na kwa hesabu ya daktari mazungumzo hayo ni kipimo kizuri. Bi mkubwa amefika duru nne. Ile bembea ya miguu ameipa jina la jahazi.

Lakini kuna adui ambaye hakukaa nasi kwenye chai, naye ni chumvi. Upepo wa bahari unaotuburudisha ndio unaovila vyuma. Rangi hupasuka, kutu huingia chini yake, na beringi za ndani hukauka mpaka chombo kikaanza kulia kama mlango wa ghala. Vyombo hivi vyataka kuoshwa kwa maji matamu na kutiwa grisi mara kwa mara. Vilipowekwa, hakuna aliyeachiwa kazi hiyo. Vinane vilivyokuwapo, leo vinavyofanya kazi ni sita: kimoja cha magurudumu ya mikono kimeganda, na baiskeli haina kanyagio moja. Kanyagio haikuliwa na chumvi. Ilikatwa kwa msumeno usiku. Biashara ya vyuma chakavu tunaijua. Mwezi wa Januari 2022 serikali ilifika kuisimamisha nchi nzima kwa sababu ya kuibwa vyuma vya umma, na baadaye ikaruhusiwa tena. Kanyagio ile haikumpa aliyeikata hata bei ya pakiti ya unga wa ngano. Imewanyima baiskeli watu wanane au tisa kila asubuhi, akiwamo mzee mmoja nahodha mstaafu ambaye goti lake halikubali chombo kingine.

Na kuna la tatu. Upande wa barabara, pale njia ya kuzungukia inapokaribia uzio, pamepigwa vigingi vitatu vyenye rangi nyekundu. Wapo wasemao ni vibanda vya biashara vitajengwa. Wapo wasemao ni kisima. Vigingi hivyo vikisogea hatua nne tu kuja ndani, duru itakatika, na bustani isiyozungukika ni kiwanja cha kukaa tu. Wazee wamepeleka barua yenye saini za wakaazi, kurasa nne, na wamepokewa kwa adabu; jibu bado. Wanawake wametia saini zaidi kuliko wanaume, na yule kijana aliyepoteza Jumatatu yake ndiye aliyezungusha karatasi nyumba kwa nyumba. Tunawaomba wasomaji wasipige kelele wala wasing'oe vigingi. Tunawaomba wawepo. Mahali panapotembewa kila siku na watu wa nyumba mia huwa pagumu kusahaulika ofisini, ilhali pale palipo patupu hata mwenye nia njema hudhani hapana mwenyewe.

Fundi wa kuchomelea wa mtaa amekubali kuja Jumamosi hii, baada ya zamu ya kina mama, saa mbili kamili asubuhi. Atatengeneza kanyagio bila ya malipo na kuyafungua magurudumu yaliyoganda. Grisi imekwisha nunuliwa. Yanatakiwa maji matamu, kwa kuwa bomba la bustani halitoki, basi kila nyumba ilete ndoo moja, na vitambaa vikuukuu, na mwenye brashi ya chuma aje nayo. Watoto wanaokwenda madrasa wasikose masomo kwa ajili hii. Nahodha amesema atakuja mapema ashike zamu ya baiskeli.